Namna ya kupima prosesa, kumbukumbu na diski zinazotumiwa na programu iliyo kazini

Mwanzisha mada

Wanajukwaa, salaam.

Nimefungua uzi huu kwa sababu katika mijadala mingi ya programu na seva watu hutoleana namba bila kuulizana zimepatikanaje. Mmoja anasema programu yake inakula asilimia 80 ya prosesa, mwingine anasema ya kwake inakula gigabaiti 2 za kumbukumbu, na mjadala unasonga mbele kana kwamba maneno hayo yamejitosheleza. Asilimia 80 ya nini, katika muda gani, na programu ilikuwa ikifanya kazi gani wakati huo? Gigabaiti 2 zilizoombwa, zilizoshikwa kweli, au zinazotumiwa kwa pamoja na michakato mingine? Pasipo majibu hayo, namba haiwezi kulinganishwa na nyingine yoyote, na uamuzi wa kununua seva kubwa zaidi au kuandika upya msimbo unafanyika gizani. Mifano yangu mingi ni ya Linux, kwa kuwa inaanika hesabu zake waziwazi kupitia saraka ya /proc, lakini hoja zenyewe zinahusu mfumo wowote wa uendeshaji.

Tuanze na prosesa. Kerneli, yaani sehemu ya ndani ya mfumo wa uendeshaji inayosimamia maunzi, haiweki asilimia popote. Inachokihifadhi kwa kila mchakato, yaani programu inayoendeshwa, ni jumla ya muda ambao umekalia prosesa tangu ulipoanza, na jumla hiyo imegawanywa mafungu mawili: muda uliotumika kuendesha msimbo wa programu yenyewe, na muda ambao kerneli iliutumia kuihudumia programu, kwa mfano inaposoma faili au kutuma data kwenye mtandao. Ukifungua /proc/PID/stat, ukiweka namba ya mchakato mahali pa PID, utayakuta mafungu hayo katika sehemu ya 14 na ya 15, yakiwa yamehesabiwa kwa mapigo ambayo kwa kawaida ni 100 kwa sekunde. Asilimia hupatikana pale tu mtu anaposoma jumla hiyo mara mbili, akatoa ya kwanza katika ya pili, kisha akagawa kwa muda uliopita katikati. Tuseme umesoma mapigo 5,200, na baada ya sekunde 3 ukasoma 5,350. Tofauti ni mapigo 150, yaani sekunde 1.5 za prosesa ndani ya sekunde 3 za saa ya ukutani, ambayo ni asilimia 50 ya kiini kimoja cha prosesa.

Ukiielewa hesabu hiyo, mambo kadhaa yanayowasumbua watu yanafunguka. Programu yenye thredi nyingi (mikondo ya kazi inayokwenda sambamba) kwenye mashine ya viini 8 inaweza kuonyesha asilimia 800, wala amri ya top, inayoorodhesha michakato na matumizi yake, haijakosea, kwa sababu kwa kawaida kwenye Linux huchukua kiini kimoja kuwa ndicho asilimia 100. Ukibonyeza herufi I kubwa, hugawa kwa idadi ya viini vyote na namba ileile hushuka. Task Manager ya Windows huhesabu kwa njia hii ya pili, kwa hiyo programu iliyokwama katika kitanzi kisicho na mwisho ndani ya thredi moja itaonekana pale ikitumia takriban asilimia 12 tu kwenye mashine yenye viini 8, na mtu asiyejua ataipita akidhani haina tatizo. Urefu wa kipindi nao una uzito wake. Kwa kawaida top husoma upya kila sekunde 3. Msukumo mkali wa nusu sekunde unafifia ndani ya sekunde 3, na ndani ya wastani wa dakika nzima unapotea kabisa, ingawa mtumiaji aliyekuwa akisubiri jibu wakati huo aliuona vizuri.

Kumbukumbu ndiyo yenye utata mkubwa zaidi, na naomba tukae hapo kidogo. Programu inapoomba kumbukumbu, Linux huandika nafasi hiyo katika ramani ya anwani za mchakato, lakini haitoi kurasa halisi za RAM mpaka anwani hizo ziguswe. Kwenye mashine za x86 ukurasa wa kawaida una baiti 4,096. Programu ikiomba gigabaiti 1 na kuandika megabaiti 10 za mwanzo tu, ukubwa wa anwani zake, unaoitwa VmSize katika /proc/PID/status na VIRT katika top, utapanda kwa gigabaiti nzima, ilhali RAM iliyoshikwa, yaani VmRSS au RES, itapanda kwa takriban megabaiti 10. Zipo programu zinazotenga anwani nyingi kwa makusudi, bila nia ya kuzijaza, kwa hiyo safu ya VIRT peke yake haimwambii mtu kama RAM itatosha.

RES nayo ina mtego wake, na hapa ndipo makadirio mengi ya ukubwa wa seva yanapoharibika. Chukua mchakato mzazi uliopakia data ya megabaiti 300, kisha ukazaa michakato 8 ya watoto. Linux hainakili data hiyo. Wote tisa wanatazama kurasa zilezile, na nakala hufanywa pale tu mmoja wao anapoandika juu ya ukurasa. Kila mtoto akiongeza megabaiti 40 zake mwenyewe, RES ya kila mmoja itasoma 340. Ukijumlisha watoto 8 na mzazi unapata megabaiti 3,020, wakati RAM iliyotumika kweli ni 300 kujumlisha mara nane ya 40, yaani 620. Kipimo kinachofaa hapo ni Pss, ambacho hugawa kila ukurasa wa pamoja kwa idadi ya wanaoushiriki: mtoto atahesabiwa 40 zake na moja ya tisa ya 300, kama megabaiti 73, na jumla ya wote inarudi kuwa 620. Tangu Linux 4.14 namba hiyo imekusanywa tayari katika /proc/PID/smaps_rollup, na unaisoma ukiwa mmiliki wa mchakato au msimamizi wa mfumo. Ukitaka kujua ni kiasi gani kitarudi endapo mchakato mmoja utauawa, jumlisha mistari miwili ya Private_Clean na Private_Dirty ndani ya faili hilohilo. Wanaotumia Python wafahamu pia kwamba mfasiri wake huandika hesabu ya marejeo ndani ya karibu kila kitu anachokigusa, hata kwa kusoma tu, kwa hiyo kurasa za pamoja hunakiliwa polepole kadiri watoto wanavyofanya kazi. Pss iliyosomwa dakika moja baada ya kuanza haitafanana na itakayosomwa jioni.

Kwa programu ya muda mfupi, kinachohitajika mara nyingi ni kilele, wala hakuna haja ya kukaa ukiivizia. Mstari wa VmHWM katika status hutunza RES ya juu kabisa kuwahi kufikiwa, na /usr/bin/time -v huichapisha programu inapomalizika, pamoja na muda wa prosesa na idadi ya nyakati ambazo ukurasa ulilazimika kuletwa kutoka diski. Andika njia nzima ya amri hiyo, kwa sababu time iliyojengwa ndani ya shell haina chaguo la -v. Kwa wanaoandika msimbo wao wenyewe, wito wa getrusage hutoa kilele hicho kwa kilobaiti kwenye Linux na kwa baiti kwenye macOS, tofauti ambayo imewapa watu ripoti zilizokuzwa mara elfu.

Kuhusu diski nitasema kwa ufupi. /proc/PID/io ina rchar, ambayo ni baiti zote zilizopita katika wito wa kusoma, na read_bytes, ambazo ni zile zilizoletwa kweli kutoka kwenye kifaa. Rchar ikiwa kubwa na read_bytes ikiwa karibu na sifuri, data ilikuwa tayari imehifadhiwa kwenye RAM, na ndiyo maana mzunguko wa pili wa jaribio huwa wa haraka kuliko wa kwanza. Anayelinganisha matoleo mawili ya programu aamue mapema kama anapima hali ya baridi (data bado haijawa kwenye RAM) au ya moto (data iko tayari kwenye RAM), kisha atumie hali hiyohiyo kwa yote mawili. Upande wa mtandao, /proc haitoi hesabu ya baiti kwa kila mchakato. Faili la /proc/PID/net huonyesha eneo zima la mtandao ambalo mchakato umo, kwa hiyo zana kama nethogs ndiyo itakayosaidia.

Ninachosisitiza ni kwamba usomaji mmoja hautoshi. Endesha pidstat -rud -p PID 5, inayosoma kumbukumbu, prosesa na diski kila sekunde 5, uelekeze matokeo kwenye faili, na pembeni uandike saa ambazo kazi nzito ilianza na kumalizika. Namba bila kumbukumbu ya mzigo uliokuwapo ni nusu ya kipimo.

Mchangiaji wa kwanza

Asante sana mkuu kwa maelezo haya. Nina swali kuhusu jambo ambalo limenitatiza muda mrefu. Mchakato mmoja kwenye seva yetu, amri ya ps inasema unatumia asilimia 3 ya prosesa, huku top kwa wakati uleule inasema asilimia 100. Wenzangu wawili wamebishana, mmoja akitetea ps na mwingine top. Nani yuko sahihi?

Mwanzisha mada

Zote mbili ziko sahihi, ndugu yangu, ila zinajibu maswali tofauti. Ps huchukua muda wote wa prosesa uliotumiwa na mchakato na kuugawa kwa umri wake wote. Top huangalia kipindi kilichopita tangu ilipochora skrini mara ya mwisho. Mchakato uliokaa kimya kwa muda mwingi wa saa 10, kisha ukaanza kukaza kiini kimoja katika dakika 18 za mwisho, umetumia dakika 18 kati ya 600, ambayo ni asilimia 3 kamili kwa mujibu wa ps, na asilimia 100 kwa mujibu wa top. Kwa hiyo ps inafaa kujua ni mchakato gani umetumia prosesa kwa wingi katika maisha yake, lakini isitumike kutafuta nani anaikaza mashine sasa hivi. Kama unatumia top ndani ya skripti, kwa mfano top -b -n 1, angalizo: duru ya kwanza haina usomaji wa nyuma wa kulinganisha nao. Iagize duru mbili, na uichukue ya pili.

Mchangiaji wa pili

Naomba kuongezea kuhusu kontena, yaani mazingira yaliyotengwa ya kuendeshea programu ndani ya mashine, kwa sababu programu nyingi za seva siku hizi zinaendeshwa humo. Amri ya free ndani ya kontena kwa kawaida husoma /proc/meminfo ya mashine nzima, hivyo itakuonyesha gigabaiti 64 hata kama kontena lako limewekewa kikomo cha megabaiti 512. Kikomo na matumizi halisi viko katika saraka ya /sys/fs/cgroup, na kwa toleo la pili la cgroup (utaratibu wa kerneli wa kuwekea vikomo makundi ya michakato) mafaili yake ni memory.max na memory.current. Memory.current hujumlisha pia data ya mafaili iliyohifadhiwa kwenye RAM, ambayo kerneli inaweza kuiachia ikibanwa, kwa hiyo isikushtue ikikaribia kikomo. Fungua memory.stat utenganishe anon (kumbukumbu ya programu yenyewe) na file (data ya mafaili). Anon ikikaribia kikomo ndipo kuna hatari, na kontena likianguka na namba ya kutokea 137, maana yake ni 128 kujumlisha ishara ya 9, yaani mchakato umeuawa kwa nguvu, mara nyingi kwa sababu ya kumbukumbu.

Upande wa prosesa, kikomo cha kontena hugawiwa kwa vipindi ambavyo kwa kawaida ni vya milisekunde 100. Ukipewa nusu ya kiini, una milisekunde 50 katika kila kipindi. Programu yenye thredi 4 zinazofanya kazi kwa pamoja inamaliza mgao huo ndani ya milisekunde 12.5, kisha thredi zote zinasimamishwa kwa milisekunde 87.5 zilizobaki. Anayetazama grafu ya wastani ataona mstari uliolala kwenye nusu ya kiini, huku maombi ya watumiaji yakikwama mara kumi kila sekunde. Ushahidi uko katika cpu.stat, kwenye nr_throttled na throttled_usec. Hizo nazo ni jumla tangu mwanzo, kwa hiyo zisomwe mara mbili kama mwanzisha mada alivyofundisha.

Mwanzisha mada

Nashukuru sana kwa nyongeza hiyo, mkuu. Hesabu ya milisekunde 12.5 inastahili kubandikwa ukutani kwa kila timu inayoweka vikomo vya kontena.

Mchangiaji wa tatu

Mimi shida yangu ni kinyume. Programu iko polepole mno, lakini prosesa inatumika asilimia 5 tu na kumbukumbu iliyobaki ni tele. Hapo tunapima nini?

Mwanzisha mada

Hapo unapima kusubiri, maana programu isiyotumia prosesa na haimalizi kazi inangoja kitu: diski, mtandao, au kufuli iliyoshikwa na thredi nyingine. Anza na safu ya hali katika top. Herufi D ikijitokeza mara kwa mara, mchakato unangoja kifaa, aghalabu diski, na usingizi huo hauwezi kukatizwa. Linux huhesabu michakato ya aina hiyo ndani ya wastani wa mzigo wa dakika 1, 5 na 15, na ndiyo sababu mzigo unaweza kusoma 20 kwenye mashine ambayo prosesa yake imepumzika. Herufi S yenyewe haisemi mengi, kwa kuwa programu nyingi zenye afya hulala zikingoja kazi.

Kisha angalia /proc/pressure, iliyopo tangu Linux 4.20, ikiwa kerneli yako imewezeshwa nayo. Mafaili yake ya cpu, memory na io yanaeleza ni asilimia ngapi ya muda ambapo kazi zilikwama kwa kukosa rasilimali husika, katika sekunde 10, 60 na 300 zilizopita. Kwa maoni yangu ni kati ya vipimo muhimu zaidi vilivyoongezwa kwenye kerneli, kwa sababu hueleza hasara anayoipata mtumiaji. Diski inayotumika asilimia 90 inaweza kuwa haimcheleweshi mtu yeyote, na inayotumika asilimia 40 inaweza kuwa inakwamisha kila kitu.

Shinikizo likiwa sifuri kote, elekea mtandao na makufuli. Amri ya strace -c -w -f -p PID itakupa orodha ya wito za kerneli, yaani maombi ya programu kwa kerneli, na muda uliopita katika kila moja, ila kumbuka kwamba strace huusimamisha mchakato katika kila wito, na programu yenye wito nyingi inaweza kupungua kasi kwa kiasi kikubwa sana. Usiache ikiendelea kwenye seva inayohudumia watu, wala usinukuu muda uliopimwa chini yake kana kwamba ndio kasi ya kawaida. Zana ya perf, inayochukua sampuli kwa vipindi badala ya kusimamisha kila wito, ina gharama ndogo zaidi, japo kwa matumizi yake ya kawaida inaonyesha mahali prosesa inapotumika na siyo mahali mchakato unapongoja.

Mchangiaji wa nne

Programu yetu ikichakata ripoti kubwa, RES inapanda kutoka megabaiti 120 hadi 400 na zaidi, na baada ya kazi kwisha haishuki. Mwenzangu amekwisha kuandika kwamba kumbukumbu inavuja. Inatosha kusema hivyo?

Mwanzisha mada

Haitoshi. Programu inapoachia kumbukumbu, inairudisha kwanza kwa maktaba ya ugawaji iliyo ndani ya mchakato huohuo. Vipande vikubwa kwa kawaida hurudishwa kwa kerneli mara moja, lakini vidogo vilivyotawanyika hubaki mikononi mwa maktaba, vikingoja ombi lijalo. Lugha zenye mkusanya taka, yaani zinazoachia zenyewe kumbukumbu isiyohitajika tena, zina tabaka jingine juu ya hilo. Java, isipowekewa kikomo cha -Xmx, huruhusu lundo lake (kumbukumbu inamowekwa data ya programu) kufikia robo ya RAM, na haina haraka ya kusafisha maadamu nafasi ipo.

Jaribio linaloamua ni kurudia ripoti ileile, kwa data ileile, mara nyingi mfululizo, ukisoma Pss baada ya kila mzunguko. Namba ikipanda katika mzunguko wa kwanza au miwili kisha ikatulia, kumbukumbu inatumika upya na hakuna uvujaji. Ikiongezeka kwa hatua inayokaribiana katika kila mzunguko bila kutulia, hapo mwenzako ana haki. Katika kila usomaji hesabu pia mafaili yaliyofunguliwa, kwa ls /proc/PID/fd | wc -l, maana nayo ni rasilimali.

Mchangiaji wa nne

Nimefanya jaribio, mkuu. Pss imetulia kwenye 410 na kidogo tangu mzunguko wa pili. Lakini hesabu ya mafaili imenishangaza: inaongezeka kwa 6 katika kila ripoti na haishuki hata programu ikikaa bila kazi.

Mwanzisha mada

Basi kumbukumbu yenu haina kosa, na tatizo ni mafaili au miunganisho isiyofungwa. Soma mstari wa Max open files katika /proc/PID/limits. Kikomo laini mara nyingi ni 1,024, na kwa kasi ya 6 kwa ripoti mtakifikia baada ya ripoti 170 hivi, hata kama RAM na prosesa zitakuwa zimebaki tele. Endesha lsof -p PID, inayoorodhesha mafaili yaliyofunguliwa, kabla na baada ya ripoti moja, kisha linganisha orodha mbili kwa diff. Mistari 6 itakayozidi itakutajia majina ya mafaili au anwani za miunganisho, na kwa majina hayo mtaipata sehemu ya msimbo inayofungua bila kufunga. Hasa angalieni njia ya makosa, yaani pale ripoti inapokatishwa katikati, kwa kuwa msimbo wa kufunga mara nyingi huwekwa mwishoni mwa njia ya mafanikio peke yake.